Hifadhi isiyomnyima mama kuni: kupanga msitu na malisho ya kijiji Dodoma

Sheria ndogo inayosema "ni marufuku kukata miti" bila kueleza kuni zitatoka wapi huvunjwa kabla kiangazi cha kwanza hakijaisha. Wa kwanza kuivunja huwa ni kaya zile zile zilizoinua mikono kuipitisha. Si ukaidi. Jioni ikifika lazima ugali uive.

Kanda ya kati imeshalijua hili kwa gharama kubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulioanza 1973 ulikuta makorongo yakila mashamba Kondoa, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani na vichaka vilirudi, hilo lilionekana kwa macho. Lakini ng'ombe hawakutoweka. Walihamia kwa jirani, na mzigo wa ardhi ukahamia nao. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mahitaji ya watu na mifugo yao, ndipo unakwenda kwenye mipaka, vikao na faini. Umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, watendaji na maafisa wanaowasaidia.

Kwanza pima kuni

Fanya kazi hii Septemba au Oktoba, wakati shida iko wazi. Chagua kaya 30 kutoka vitongoji vyote: wenye mifugo na wasio nayo, kaya zinazoongozwa na wanawake, wazee wanaoishi peke yao. Kila kaya ipimiwe mzigo wa kuni kwa mizani ya kuning'iniza asubuhi, na kesho yake asubuhi zipimwe zilizobaki. Rudia siku saba mfululizo. Siku moja haitoshi, kwa sababu siku ya kupika maharage si sawa na siku ya kupika mlenda.

Wapimwe pembeni wale ambao orodha ya kaya huwasahau: jiko la shule, wapika pombe ya kienyeji, mama lishe wa senta na wachoma matofali. Tanuru moja la matofali laweza kumeza kuni ambazo kaya ingepikia miezi mingi. Ukiliacha nje ya hesabu, mpango mzima unapinda.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme wastani umetoka kilo 5 kwa kaya kwa siku na kijiji kina kaya 400. Hizo ni kilo 2,000 kwa siku, yaani tani 730 kwa mwaka. Msitu mkavu wa kwetu, unaopata milimita 500 hadi 600 za mvua ndani ya miezi mitano, haukui haraka. Kwa tahadhari chukua nusu tani ya kuni kwa hekta kwa mwaka. Kama msitu wa kijiji una hekta 600, unaweza kutoa tani 300. Pengo ni tani 430.

Pengo hilo ndilo moyo wa mpango. Liandikwe kwenye karatasi kubwa na libandikwe ofisi ya kijiji, kisha mkutano ujadili litazibwa na nini: miti inayochipua mashambani, mabua ya mtama na alizeti, majiko banifu ya udongo, jiko kubwa banifu la shule. Kila jibu lipewe kiasi. Mtu akisema majiko banifu yatamaliza tatizo, mwombeni aonyeshe kwa mizani katika kaya 5 kwa siku saba, kabla na baada. Jiko lililojengwa vibaya, mlango mpana na sufuria ikiacha nafasi kubwa pembeni, haliokoi kitu.

Mkaa tunaushauri utengwe na hesabu ya kuni. Tanuru la asili la udongo huhitaji kilo 5 hadi 10 za mti kupata kilo moja ya mkaa, na wanunuzi wako mjini, ambako mahitaji hayana mwisho. Kijiji chenye misitu ya miombo iliyoshiba chaweza kupanga uvunaji wa mkaa kwa mzunguko na vibali. Kijiji cha migunga na vichaka kisianze na mkaa kabisa.

Usisahau vitu vidogo visivyopimwa kwa tani: mlenda wa porini, ubuyu, ukwaju, dawa, magome ya kamba, asali. Waulizwe wanawake peke yao, na waganga peke yao. Pale Chemba na Kondoa waulizwe Wasandawe wanaotegemea asali na mizizi ya porini. Mara nyingi vitu hivi haviuharibu msitu, na kuviruhusu wazi wazi ndiko kunakowapa watu sababu ya kuulinda.

Kisha pima majani

Hapa ndipo mipango mingi ya Dodoma huvunjikia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mwishoni mwa Mei, majani yakiwa yameshakomaa, tengeneza fremu ya mraba ya mita 1 kwa mita 1 kwa fito. Itupe bila kuchagua mahali, mara 20 au zaidi katika eneo mnalotaka liwe la malisho ya kiangazi. Kata majani yote yaliyomo yanayoliwa na mifugo, ukiacha sentimita 3 kutoka chini, yaanike mpaka yakauke kabisa, ndipo uyapime. Gramu za mita moja ya mraba ukizizidisha kwa 10 unapata kilo kwa hekta.

Mfano: wastani ni gramu 120, basi kuna kilo 1,200 kwa hekta. Nusu yake iachwe ardhini ili ifunike udongo na kulinda mashina ya nyasi. Zinabaki kilo 600 za kuliwa. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku katika majani makavu, yaani kilo 6.25. Kuanzia 1 Agosti hadi 30 Novemba ni siku 122, hivyo atahitaji kama kilo 760, sawa na hekta 1.3. Malisho ya akiba ya hekta 500 yatabeba ng'ombe wasiozidi 390. Mbuzi au kondoo 10 huhesabiwa sawa na ng'ombe mmoja wa uzito huo.

Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni kupima majani mabichi. Uzito wake mwingi ni maji, na hesabu inatoka kubwa kuliko ukweli. La pili ni kupima mwaka wa mvua nzuri na kufanya namba hiyo kuwa ya kudumu. Pimeni kila mwaka, kwa sababu Dodoma mwaka mmoja haufanani na mwingine. La tatu ni kumwuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi. Atataja pungufu, akihofia michango na ushuru, na huna haki ya kumlaumu. Hesabuni wanapokunywa maji lamboni au kisimani, siku mbili tofauti za Agosti.

Idadi ikizidi uwezo wa eneo, msijidanganye kwa kuongeza hekta kwenye karatasi. Kuna njia nne tu: kuuza mapema, mwezi wa sita au wa saba wanyama wakiwa bado na mwili, kuhifadhi mabua ya mtama na masalia ya karanga juu ya uchaga badala ya kuyachoma, kukubaliana kwa maandishi na kijiji jirani, au kufunga sehemu nyingine ya ardhi ipumzike ili mwaka kesho iwe malisho. Njia hii ya mwisho Wasukuma wameifanya miaka mingi kwa jina la ngitili, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 uliirudisha kwa upana. Wafugaji wa Kisukuma wapo pia kanda ya kati. Waombwe waeleze wenyewe mbele ya mkutano.

Gaweni msitu, msiufunge wote

Msitu wote ukifungwa, watu wataingia usiku popote. Ukigawanywa, macho ya kijiji yanajua yaangalie wapi. Tunashauri kanda tatu.

Ukanda wa kwanza ni vyanzo vya maji, miteremko mikali ya vilima na makaburi au maeneo ya matambiko. Hapa hapavunwi kitu isipokuwa dawa na asali kwa ruhusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au chanzo cha maji, kwa hiyo pimeni mita hizo kwa kamba, si kwa macho.

Ukanda wa pili ni wa kuni kavu, matunda, mboga na mizinga ya nyuki. Kuni zichukuliwe za matawi yaliyoanguka au kukauka, kwa siku mbili za wiki zilizotajwa. Mizinga ikae mbali na makazi, njia na maji ya mifugo, mita 300 au zaidi, chini ya kivuli, miguu ya chanja ikipakwa grisi kuzuia siafu.

Ukanda wa tatu ni malisho ya kiangazi. Kufungua kwake kunaweza kufuata kalenda, lakini kufunga kufuate mvua: majani mapya yakichipua, mifugo itoke, isirudi hadi nyasi zimwage mbegu. Ng'ombe akila chipukizi la kwanza la Desemba, anang'oa malisho ya mwaka mzima. Wakati huo wa mvua wanyama wanahitaji mahali pengine pa kulisha na njia ya kufikia maji bila kukanyaga mashamba. Mapito ya mifugo yawe na upana wa mita 30 kwa uchache, 50 ni afadhali, na yawekewe vigingi. Pito la mita 10 ni kuandika ugomvi wa Machi.

Utaratibu wa kisheria

Sheria tatu ndizo msingi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Sheria ya Misitu ya 2002 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Msitu ukiwa ndani ya ardhi ya kijiji, kijiji kinaweza kuutangaza kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji na kuusimamia chenyewe. Ukiwa hifadhi ya serikali kuu au ya halmashauri ya wilaya, njia ni mkataba wa usimamizi wa pamoja, na mgawanyo wa mapato uandikwe ndani ya mkataba huo kabla hamjaanza doria. Kufanya doria miaka mitatu kwa ahadi ya mdomo kunavunja watu moyo.

Mpangilio wa kazi ni huu. Hakikisheni mipaka ya kijiji imekubaliwa na majirani na cheti cha ardhi ya kijiji kipo. Pateni mpango wa matumizi ya ardhi pamoja na timu ya wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji uridhie eneo la msitu na uchague kamati ya maliasili. Kamati na afisa misitu wa wilaya wapime msitu, waandike mpango wa usimamizi na rasimu ya sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji ipokee, mkutano mkuu upitishe, Kamati ya Maendeleo ya Kata itoe maoni, kisha baraza la madiwani liidhinishe.

Mahali panapokwama ni muhtasari. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na muhtasari wake lazima uambatane na orodha ya mahudhurio yenye saini. Wilaya ikirudisha nyaraka kwa sababu orodha haipo, mnapoteza msimu mzima. Andikeni nakala tatu siku hiyo hiyo.

Kupima msitu hakuhitaji vifaa vya gharama. Funga kamba ya mita 15 kwenye kigingi, zunguka. Duara hilo ni takriban mita za mraba 707, na maduara 14 ni karibu hekta moja. Ndani yake pima mzingo wa kila mti kwa futi kamba kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, hesabu visiki vipya na machipukizi. Weka alama ya kudumu katikati ya kila duara na uandike mahali pake kwa GPS ya simu.

Sheria ndogo inayotekelezeka

Kila katazo liwe na ruhusa yake pembeni. Linganisha vifungu hivi viwili:

"Ni marufuku kuchunga ndani ya msitu."

"Mifugo ya wakazi wa kijiji itaruhusiwa kuchungwa Ukanda wa Tatu kuanzia tarehe 1 Agosti hadi kamati itakapotangaza kuchipua kwa majani. Kila mfugaji atapewa kibali kinachotaja idadi ya mifugo. Mifugo itakayokutwa Ukanda wa Kwanza wakati wowote itatozwa faini kwa kila kichwa."

Cha kwanza kinamfanya kila mfugaji mhalifu. Cha pili kinampa mfugaji mwaminifu sababu ya kumkemea mwenzake. Kiwango cha juu cha faini kina ukomo wa kisheria, hivyo mwanasheria wa halmashauri aisome rasimu kabla haijafika kwa mkutano mkuu. Faini iliyozidi ukomo itatupwa mahakamani.

Mkosaji akikataa kulipa, shauri linakwenda Mahakama ya Mwanzo. Baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7 ambao wasiopungua 3 ni wanawake, kazi yake ni kusuluhisha migogoro ya ardhi. Lisigeuzwe kuwa chombo cha kutoza faini za msitu. Na kukamata mifugo na kuishikilia siku nyingi bila maji ni kosa la kibinadamu na chanzo cha mapigano. Hesabuni, andikeni, piga picha, mwachieni mwenyewe kwa maandishi mbele ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji.

Kamati, doria na fedha

Kamati ya watu 10 hadi 12 yatosha, kila kitongoji kikiwa na mtu wake, wanawake wasipungue theluthi moja, na wafugaji wawepo hata kama ni wachache kijijini. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wasiwe viongozi wa kamati, maana wao ndio wa kuisimamia.

Doria ifanyike mara mbili kwa wiki na watu wanne, siku zikibadilika. Kila doria iandikwe daftarini: tarehe, njia waliyopita, walichokiona, walichokifanya. "Hatukukuta kitu" nayo iandikwe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba msitu unatulia.

Pesa ndiyo huua kamati nyingi, si wavamizi. Kila shilingi ipokelewe kwa stakabadhi na iingie benki ndani ya wiki, na watia saini wa akaunti wawe watatu. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwenye mkutano mkuu wa kila miezi mitatu kisha ibandikwe ukutani. Mgawanyo upitishwe mapema, kwa mfano nusu ya kulinda msitu (posho, buti, rangi ya mipaka) na nusu ya jambo ambalo kila kaya italiona, kama kukarabati kisima. Na kamati isilipwe kwa kila mtu inayemkamata. Kamati inayoishi kwa faini huombea makosa.

Kisiki hai

Njia hii ya kukuza upya visiki vya miti iliyokatwa inajulikana sana Dodoma na ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kuziba pengo la kuni, kwa sababu haihitaji kitalu wala kumwagilia. Mizizi ya mti uliokatwa bado iko hai ardhini; kinachokosekana ni nafasi ya kukua.

Tafuta kisiki chenye machipukizi. Chagua yaliyonyooka na yenye nguvu, 1 hadi 3 shambani, 3 hadi 5 kwenye malisho, mengine ondoa. Pogoa matawi ya nusu ya chini ya kila chipukizi ulilobakiza kwa panga kali, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Funga kitambaa chenye rangi ili wachungaji na watoto wajue mti huo una mwenyewe. Rudi baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya; matawi unayotoa ni kuni za kwanza.

Shambani anza na miti 40 kwa hekta, umbali wa kama mita 16 kati ya mmoja na mwingine. Wakulima wa mtama wanaogopa kivuli, na wana haki mti ukiachwa kichaka. Kwa hiyo kupogoa kila mwaka si hiari. Mikungugu na migunga hurudi vizuri. Kinachoangusha kazi hii ni mbuzi baada ya mavuno, mashamba yanapofunguliwa kwa wote. Miaka miwili ya mwanzo kitongoji kikubaliane mbuzi wachungwe na mtu mzima au wafungwe kamba wakiwa mashambani.

Moto na majirani

Barabara za moto zisafishwe Mei hadi Juni, upana wa mita 5 au zaidi, kabla majani hayajakauka. Ukisubiri Septemba, upepo wa kiangazi utavusha cheche. Warina asali wanaotumia mienge wapewe bomba la moshi. Ni kifaa cha bei nafuu kuliko kuzima moto wa siku tatu.

Vijiji vinavyopakana viitwe kabla ya kufunga eneo lolote, si baada. Kikao cha wajumbe watano kila upande, mpaka utembewe kwa miguu pamoja, muhtasari usainiwe na vijiji vyote viwili, na wafugaji wanaopita kwa msimu wapewe njia, kituo cha maji na idadi ya siku. Duru-Haitemba, Babati, vijiji kadhaa vilipokabidhiwa msitu wao miaka ya 1990, kila kimoja kilijua kipande chake na mpaka wake.

Mapitio yafanyike kila Novemba, kabla ya mvua. Rudieni maduara yale yale, hesabuni visiki vipya, pimeni kuni katika kaya 10 za zile 30, fungueni daftari la doria. Visiki vikiwa vimeongezeka Ukanda wa Kwanza, msikimbilie kupandisha faini. Nendeni mkaone jiko la shule linapikia nini.